Bei ya Chumba si Bei ya Gesti: Je, Hisa za Duka Kubwa Zina Msimu?

Kikundi chetu cha kuweka na kukopa hukutana Jumamosi ya pili ya mwezi, nyuma ya duka la vifaa vya ujenzi pale Kisasa, Dodoma. Mwezi uliopita kijana mmoja, fundi simu mwenye akili kuliko wengi wetu tunaojiita wasomi, alinyoosha mkono hata kabla marejesho hayajahesabiwa.

"Jamani, Walmart ndilo duka kubwa kuliko yote duniani. Wamarekani wananunua vitu kama wameambiwa dunia inaisha, Novemba na Desemba. Sisi tununue hisa zake Oktoba, tuuze Januari. Mwaka ujao tunarudia. Kuna ugumu gani hapo?"

Akapitisha simu. Ilikuwa na mchoro wa kupanda kwa hisa hiyo katika miezi kumi na miwili, Novemba ikiwa na mhimili mrefu wa kijani. Mwenyekiti akanigeukia: "Mjomba, wewe si ndiye uliyesomea mambo haya? Tufafanulie." Nilijibu kwa haraka na kwa maneno ya darasani, na nikaona kabisa kwamba hakuna aliyenielewa. Kwa hiyo najaribu tena hapa, taratibu.

Kwanza, hoja ya kijana haikutoka hewani. Sisi wa kanda ya kati tumelelewa na misimu. Mvua yetu ni moja tu kwa mwaka, kati ya Desemba na Aprili, na ikikorofisha basi mwaka mzima umekorofika. Mahindi yanaanza kuvunwa kuanzia Mei. Ukifika soko la nafaka la Kibaigwa, wilayani Kongwa, Juni au Julai, unakuta malori yamepanga foleni na bei imelala. Rudi Januari, wakati watu wanalima kwa tumbo tupu huku ada na sare za shule zikiwasubiri, gunia lilelile limepanda. Nawafahamu watu waliojenga nyumba kwa tofauti ya Julai na Januari.

Lakini jiulize swali ambalo kijana hakujiuliza: ikiwa kila mtu kuanzia Kongwa hadi Manyoni anajua mahindi yatapanda Januari, kwa nini bei ya Julai haipandi mapema? Mbona tofauti haifi?

Haifi kwa sababu kati ya Julai na Januari kuna kazi na kuna hatari. Lazima uwe na ghala, magunia na dawa. Kuna dumuzi, yule mdudu aliyeonekana nchini kwanza Tabora miaka ya themanini ikianza, wakulima wakambatiza Scania, anayesaga mahindi na kuacha unga mtupu. Mtaji wako umelala miezi sita bila kuzunguka. Serikali inaweza kuzuia mahindi yasivuke mpaka, kama ilivyofanya 2017, au hifadhi ya taifa ya chakula ikamwaga akiba yake sokoni kwa bei nafuu na wewe ukabaki unatazama magunia yako. Mkulima naye hawezi kusubiri, maana deni la pembejeo halisubiri. Tofauti ya bei ni ujira wa anayebeba mzigo huo wote. Ndiyo maana inarudi kila mwaka bila kujali wangapi wanaijua.

Hisa haihitaji gunia. Hisa ya Walmart uliyonunua Oktoba na ile ya Januari ni kitu kilekile. Hailiwi na mdudu, hailipiwi ghala, na kuishika hakukuchoshi mgongo. Sasa tuseme wenye fedha wote wanajua kwa hakika kwamba Januari bei itakuwa juu kwa sehemu kumi katika mia. Watafanya nini? Watanunua Oktoba, hadi bei ya Oktoba ikaribie ile ya Januari. Mwaka unaofuata wajanja watawahi Septemba, wengine Agosti. Msimu unajila wenyewe. Kinachobaki ni makombo, na makombo hayo yanagombaniwa na watu wenye kompyuta zinazonunua na kuuza kabla wewe hujamaliza kufungua programu ya simu.

Hapo ndipo niliishia siku ile ya kikao, na mama mmoja anayeuza vitenge soko la Majengo akaniuliza swali zuri sana: "Lakini si wanauza kweli Desemba? Faida si inaingia kweli? Iende wapi?"

Faida inaingia, mama. Kinachotuchanganya ni kile tunachonunua.

Chukua mfano wa hapahapa. Kuna gesti ya vyumba kumi na viwili, si mbali na Bunge. Siku za kawaida chumba ni shilingi 40,000, na nusu ya vyumba viko wazi. Bunge la bajeti likianza Aprili, wabunge, maofisa, madereva, waandishi na watu wenye bahasha za maombi wanajaa mjini hadi mwisho wa Juni. Chumba kinapanda hadi 60,000 na bado unaambiwa pamejaa. Bei ya chumba ina msimu wa wazi kabisa, kwa sababu usiku wa Mei hauwezi kuuhifadhi kutoka Februari. Chumba kikilala wazi, usiku ule umepotea.

Sasa mwenye gesti anataka kuiuza yenyewe: jengo, kitanda na jina. Ukimfuata Februari ukamwambia, "Mzee, naona vyumba viko wazi, nipunguzie," atakucheka. Atasema Bunge linakuja, kwani wewe hujui? Ukimfuata Mei pamejaa, yeye akitaka kuongeza bei kwa sababu hiyo, wewe ndiye utakayecheka, maana unajua Julai inakuja. Kama gesti inauzwa milioni 500, bei hiyo imebeba Bunge la mwaka huu, la mwaka ujao na la miaka ishirini mbele, pamoja na miezi yote ya ukame katikati. Msimu umo ndani ya bei muda wote, kwa hiyo hauwezi kuipandisha kila unapofika.

Hisa ni kipande cha gesti. Si chumba.

(Kuna marekebisho madogo ya bei ambayo ni ya haki. Anayenunua gesti Julai anaikuta fedha ya Bunge imeshaingia mfukoni mwa mwenye mali wa zamani, kwa hiyo anastahili kupunguziwa kidogo. Kwenye hisa jambo hili huitwa kwenda bila gawio, yaani bila ile sehemu ya faida anayolipwa mwanahisa. Wenye hisa za mabenki yetu katika Soko la Hisa la Dar es Salaam wanalijua: tarehe ya kufunga daftari la wanahisa ikipita, anayenunua baada ya hapo hapati gawio la mwaka huo, na bei hutarajiwa kushuka kwa kiasi kama hicho. Kwenye mchoro itaonekana kama anguko la msimu. Mwanahisa hajapoteza kitu, fedha imehama mfuko tu.)

Krismasi ya Walmart kwa tarakimu

Wengi wetu hatujawahi kukanyaga Walmart, ingawa baadhi tumenunua kwao bila kujua. Kampuni hiyo, iliyoanzishwa na Sam Walton katika jimbo la Arkansas mwaka 1962, ilinunua zaidi ya nusu ya kampuni ya Massmart ya Afrika Kusini mwaka 2011, na Massmart ndiyo iliyokuwa na duka la Game pale Mlimani City, Dar es Salaam.

Mwaka wake wa fedha unaisha tarehe 31 Januari. Serikali yetu hufunga vitabu tarehe 30 Juni, wenye maduka wa Marekani wengi hufunga Januari, na sababu yao ni ya kidukani kabisa: Krismasi imepita, waliokuja kurudisha zawadi zisizowatosha wameshazirudisha, rafu ziko nusu tupu, na kuhesabu mali ni rahisi. Ukifunga vitabu Desemba 31 unajihesabia sherehe kabla hujajua wangapi watarudisha suruali.

Katika mwaka wa fedha ulioisha Januari 2025, Walmart iliingiza mauzo ya takribani dola bilioni 681. Robo ya kwanza, Februari hadi Aprili, ilileta bilioni 161.5. Ya pili 169.3, ya tatu 169.6. Robo ya sikukuu, Novemba hadi Januari, ilileta 180.6.

Zitazame tena tarakimu hizo. Kama mauzo yangegawanyika sawasawa, kila robo ingepata dola 25 katika kila 100. Robo ya sikukuu imepata 26 na senti hamsini hivi. Huo ndio msimu wenyewe ambao kijana wetu alitaka kuukopea mtaji wa kikundi. Sababu ni kwamba zaidi ya nusu ya mauzo ya Walmart nchini Marekani ni vyakula, na mtu hali mkate mara tatu kwa sababu ni Desemba. Muuza midoli, vito au televisheni ana msimu mkali zaidi. Walmart ni kama duka la mangi la mtaani, lililokua likawa na maegesho ya magari elfu moja.

Kisha linganisha na thamani ya kampuni. Faida halisi ya robo ile ya sikukuu ilikuwa dola bilioni 5 na ushee, wakati hisa zote za kampuni zilikuwa na thamani ya karibu dola bilioni 800. Faida ya Krismasi nzima haifiki hata sehemu moja katika mia ya bei ya kampuni. Krismasi ingeweza kufutwa kabisa kwenye kalenda mwaka mmoja, na kwa hesabu tupu hasara yake kwa mwenye hisa ingekuwa ndogo kuliko mtikisiko wa Jumanne ya kawaida sokoni. Bila shaka bei ingeanguka zaidi ya hapo, kwa sababu watu wangeuliza: kwani kumetokea nini, na mwaka ujao je?

Swali hilo la mwaka ujao ndilo linalosogeza bei. Tarehe 20 Februari 2025 Walmart ilitangaza matokeo ya Krismasi, nayo yalikuwa mazuri. Siku chache nyuma hisa ilikuwa imefika juu kuliko ilivyowahi kufika hadi wakati huo. Siku ya tangazo ikaanguka kwa zaidi ya sehemu sita katika mia. Kampuni ilikuwa imetoa makadirio ya mwaka unaofuata, yakawa chini ya yale wawekezaji waliyojipangia vichwani. Krismasi nzuri ilikuwa imeshalipiwa zamani, kama Bunge la Aprili linavyolipiwa na mnunuzi wa gesti wa Februari. Kilichokuwa kipya ni tahadhari ya mbele.

Mfano mwingine una mafunzo zaidi, kwa sababu mtu anayechora michoro ya miezi angeuandika tu kama "Mei mbaya". Tarehe 17 Mei 2022 hisa ya Walmart ilianguka kwa zaidi ya sehemu 11 katika mia. Kesho yake Target, mshindani wake, akaanguka kwa takribani robo ya thamani yake. Kwa wote wawili lilikuwa anguko kubwa la siku moja tangu mporomoko wa masoko ya hisa wa Oktoba 1987. Mei haikuwa na kosa lolote. Mafuta ya malori yalikuwa yamepanda, mishahara imepanda, na bei za vyakula zimembana mteja hadi akaacha kununua samani na vyombo vya umeme, wakati maghala yameshajaa vitu hivyohivyo. Maduka yalikuwa yameagiza bidhaa kwa kumtegemea mteja wa mwaka uliopita. Muuza nguo yeyote wa Majengo aliyewahi kubaki na mzigo wa sikukuu hadi Februari, mwezi dume ukiwa umeshakausha mifuko ya wateja, anaielewa hali hiyo.

Kwa hiyo ukiniuliza kama hisa hii ina msimu, nitakwambia ina msimu wa kutikisika. Katikati ya Februari, Mei, Agosti na Novemba kampuni hutangaza matokeo, na siku hizo bei huruka kuliko siku nyingine. Tarehe zinajulikana kabla. Upande itakaorukia haujulikani.

Makombo yaliyobaki

Nisije nikawadanganya kwa upande wa pili, kwamba hakuna kitu kabisa. Wachumi wametafuta misimu kwenye hisa kwa muda mrefu, na wameikuta michache isiyotaka kufa. Utafiti mmoja maarufu wa mwaka 2002 ulitazama nchi 37 na kukuta kwamba katika 36 kati yake hisa kwa ujumla zilifanya vizuri zaidi Novemba hadi Aprili kuliko Mei hadi Oktoba. Maelezo ya sababu bado yanabishaniwa. Ila angalia mtego ulio hapo: sikukuu za Walmart zinaangukia ndani ya miezi hiyohiyo. Mtu akiona hisa yake imepanda Novemba atasema ni Krismasi, kumbe viwanda vya saruji na kampuni za simu navyo vimepanda, na saruji hainunuliwi kama zawadi.

Utafiti mwingine, wa mwaka 2017, unamkaribia kijana wetu zaidi. Ulikuta kwamba kampuni ambazo robo fulani ya mwaka kwa kawaida huwa na faida kubwa, hisa zake huelekea kufanya vizuri kiasi pale zinapotangaza matokeo ya robo hiyo, kana kwamba wawekezaji wanashangazwa na jambo ambalo hutokea kila mwaka. Maelezo yaliyotolewa ni kwamba robo tatu dhaifu zilizotangulia huwatia watu wasiwasi, wakasahau robo nzuri inakuja. Ni kama mgeni anayepita Bahi Oktoba, akaona kinamasi kimekauka na ardhi imepasuka, akakataa katakata kwamba watu huvua samaki pale. Lakini hayo ni matokeo ya wastani wa maelfu ya kampuni zikiwekwa pamoja. Kwa hisa moja, kwa mwaka mmoja, upepo huo ni mdogo mno kusukuma jahazi lako.

Na mchoro wa kwenye simu? Huu ndio ulionisumbua zaidi, kwa sababu ulikuwa wa kweli. Ulionyesha kwamba katika miaka kumi, Novemba ilipanda mara nane. Mara nane kwa kumi! Nani asingevutwa?

Turushe shilingi. Hisa ya kampuni nzuri hupanda miezi mingi kuliko inavyoshuka, kwa hiyo tuseme shilingi yetu imeegemea kidogo: kila mwezi ina nafasi sita kwa kumi za kupanda, miezi yote sawa, bila msimu wowote. Uwezekano kwamba mwezi mmoja uliouchagua kabla utapanda mara nane au zaidi katika miaka kumi ni karibu 17 katika 100. Ni mdogo kiasi. Lakini kijana hakuchagua Novemba kabla. Programu ilimwonyesha miezi kumi na miwili na jicho lake likaenda kwenye mhimili mrefu. Katika miezi kumi na miwili, kwa shilingi hiyohiyo isiyo na msimu, utategemea kukuta miezi miwili hivi "yenye baraka", na uwezekano wa kukuta angalau mmoja ni karibu 90 katika 100. Yaani mchoro wa namna ile ungetokea karibu kila mara hata kama kalenda haina athari yoyote. Mhimili ungekuwa Machi tungetunga hadithi ya marejesho ya kodi. Ungekuwa Agosti tungesema ni shule zinafunguliwa. Binadamu hakosi hadithi.

Ningemwomba mtu anayeleta mchoro kama huo aandike mwezi wake kwenye karatasi kwanza, kabla ya kuutazama, kisha aupime kwa miaka mingine na maduka mengine. Mihimili mingi hufa hapo.

Limebaki jambo la nyumbani, ambalo michoro ya Marekani haiwezi kuonyesha. Mtanzania hanunui Walmart kwa shilingi. Mwishoni mwa Septemba 2024 dola moja ilikuwa zaidi ya shilingi 2,700. Kufikia mwisho wa Desemba ilikuwa karibu 2,400. Aliyebadilisha fedha Oktoba ikianza kufuata mpango wa kijana, akazirudisha mwisho wa Desemba, alipoteza zaidi ya sehemu kumi katika mia kwenye sarafu peke yake, bila kuhesabu ada za kununua na kuuza. Shilingi yetu ndiyo yenye tabia ya msimu, maana nusu ya pili ya mwaka huleta dola za watalii na za mauzo ya mazao nje. Gawio nalo hukatwa kodi ya sehemu 30 katika 100 huko Marekani kabla halijakufikia, kwa kuwa nchi zetu mbili hazina mkataba wa kodi.

Niliyasoma haya yote kwenye kikao cha Jumamosi iliyopita, karatasi mkononi. Kijana alisikiliza, akaipigapiga hesabu ya shilingi kwenye simu yake mara mbili, akaikubali. Kisha akauliza, "Sawa, mjomba. Oktoba tununue nini, mahindi?"

Mama wa vitenge akamjibu kabla yangu kwamba Oktoba mahindi yameshaanza kupanda, wenye akili walinunua Julai, na ghala la kupanga lina foleni. Mwenyekiti akaandika kwenye daftari "ghala, Juni", akapiga mstari chini yake, halafu akafungua ukurasa wa faini za waliochelewa. Jina langu lilikuwa la pili.